Moshi Unaorudi Jikoni



Ndugu wasomaji, tangu kusi iingie, safu hii imepokea swali lile lile kutoka nyumba zaidi ya moja: jiko la kuni lenye dohani, lililokuwa likifanya kazi vyema tangu lilipojengwa, sasa linarudisha moshi jikoni. Dada mmoja ameandika kwamba ameshauriwa alivunje alijenge upya, naye hana fedha za kujenga mara mbili. Namwomba asivunje kitu kwanza. Sisi nusura tuvunje letu, na kumbe ila haikuwa katika jiko hata kidogo.

Mavyaa wangu ni mtu wa Msambweni, na kwa zaidi ya miaka thelathini riziki yake imetoka motoni. Huamka kabla ya alfajiri, akakaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi, na jua linapochomoza wateja wameshakaa barazani wakingoja. Kazi hiyo aliifanya juu ya mafiga matatu, katika banda la makuti lililo uani, wazi pande mbili. Macho yake yalikuwa mekundu daima, na kikohozi chake tulikizoea hata tukawa hatukisikii tena. Daktari alipompima kifua hakumwambia mengi. Alimwambia moshi upungue, ama kazi ikome. Kazi kukoma ilikuwa haiwezekani. Wanawe wakachangishana, fundi akaitwa, na mwezi wa Januari likasimama jiko la matofali lenye matundu mawili ya sufuria na dohani ya bati ya inchi nne. Kwa kuwa makuti na dohani havipatani, banda nalo likaezekwa mabati, na zile pande mbili zilizokuwa wazi zikajengwa ukuta, pakaachwa mlango na dirisha dogo.

Miezi mitatu tulimshukuru Mungu. Kikohozi kilipungua, na yeye mwenyewe akawa anawaita majirani waje waone jiko lisilotoa moshi. Ikaingia Aprili. Moshi ukaanza kuchungulia mdomoni mwa jiko asubuhi, kisha ukawa unatoka kandokando ya sufuria, na ilipofika Mei jikoni hapakaliki. Hali ilikuwa mbaya kuliko siku za mafiga, kwa sababu siku zile banda lilikuwa wazi na sasa lilikuwa na kuta nne. "Mwanangu," aliniambia akifuta macho kwa ncha ya leso, "mafiga yangu yalikuwa na moshi, lakini moshi wake ulikuwa unajua njia."

Neno lile nililipuuza siku ile. Baadaye nikaona kwamba alikuwa amelieleza tatizo lote.

Kabla ya kuendelea, nieleze usiku mmoja ambao ndio ulionifanya nilishughulikie jambo hili kwa bidii. Mvua ilikuwa kubwa, jiko la kuni limekataa kabisa, na mavyaa alikuwa na oda ya asubuhi. Akawasha jiko la makaa, akaliingiza katika chumba cha ndani, akafunga mlango na dirisha ili mvua isiingie. Makaa hayatoi moshi wa kuonekana, kwa hivyo hakuona hatari. Baada ya saa moja hivi mjukuu aliyelala chumbani akaanza kulalamika kichwa, na yeye mwenyewe aliposimama miguu ikamlegea na kichefuchefu kikamshika. Alhamdulillahi alikuwa na akili ya kufungua mlango na kumtoa mtoto nje. Makaa yanapoungua kwa hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho, na huzuia damu kubeba oksijeni. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ndiyo maonyo yake, na aliyelala huenda asiyapate maonyo hayo. Anayeyapata na atoke nje mara moja, kisha aende hospitali. Jiko la makaa halina nafasi katika chumba kilichofungwa, iwe mvua au baridi. Naandika haya kwa sababu nyumba ambayo dohani yake imekufa hukimbilia makaa, na watu hudhani wamekimbilia usalama.

Moshi wa kuni nao si wa kudharauliwa ati kwa kuwa mabibi zetu waliishi nao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafuzi wa hewa ndani ya nyumba, unaotokana na mafuta na majiko ya kupikia, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020, na miongoni mwao walikuwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Wengi wa hao hawakuwa wapishi. Walikuwa mgongoni mwa wapishi.

Turudi kwenye dohani. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, dukhan, yaani moshi, ambalo ndilo jina la sura ya 44 ya Kur'ani. Watu wengi hudhani kwamba jiko ndilo linalousukuma moshi juu. La. Jiko halisukumi kitu. Hewa iliyopata moto hutanuka na kuwa nyepesi, nayo ikiwa imefungiwa ndani ya bomba lililosimama, hewa nzito iliyoko nje huja kuchukua nafasi yake kupitia mdomo wa jiko na kuiinua. Moshi wenye joto la nyuzi 150 huwa mwepesi kwa zaidi ya robo kuliko hewa ya kawaida ya pwani yenye nyuzi 30. Tofauti hiyo ya uzito, ikizidishwa na urefu wa bomba, ndiyo mvuto wa dohani.

Sasa tazameni jinsi mvuto huo ulivyo mdogo. Dohani ya futi kumi, yenye moshi wa nyuzi 150, huvuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita moja. Hayo ni maji ya kulowesha sinia tu. Hiyo ndiyo nguvu yote tuliyo nayo ya kuuondoa moshi, na ndiyo sababu dohani hushindwa na mambo ambayo kwa macho yetu ni upuuzi: wavu ulioziba, kuni zilizolala nje usiku mmoja, dirisha lililofunguliwa upande usiofaa. Kila dogo hula sehemu yake ya ile milimita. Jiko letu halikuharibiwa na jambo moja kubwa. Liliharibiwa na madogo matatu yaliyokutana mwezi mmoja, na fundi aliyetaka kulibomoa angelijenga upya likaharibiwa na madogo yale yale.

Aidha, sisi wa pwani tuna udhaifu ambao watu wa nchi za baridi hawana. Kwao wakati wa baridi nyumba ni ya moto na nje ni barafu, kwa hivyo dohani huanza kuvuta hata kabla moto haujawashwa. Kwetu ndani na nje ni mamoja. Alfajiri, bomba lililopigwa na umande laweza kuwa na hewa ya baridi kuliko ile ya jikoni, na hewa hiyo hukaa ndani ya bomba kama kizibo. Moto unapowashwa, moshi huikuta pale, ukarudi.

Wala si ajabu kwamba majiko yetu ya zamani hayakuwa na dohani. Paa la makuti lilikuwa dohani ya banda zima: moshi ulipenya taratibu kila mahali, ukiwafukuza na wadudu wa makuti. Katika nyumba za mawe za Lamu mara nyingi jikoni paliwekwa juu kabisa, chini ya makuti, moshi upate kutoka bila kupita vyumbani. Tulipobadilisha makuti kwa mabati tuliifunga njia ile, na hatukufikiri kwamba tumefunga kitu. Ndiyo maana ya maneno ya mavyaa.

Basi tulianzaje? Tulianza kwa chetezo. Sikuwa na chombo cha kupimia hewa, lakini kila nyumba ya pwani ina kitu kinachoonyesha hewa inakokwenda. Kabla ya kuwasha moto, jiko likiwa baridi, nilitia ubani kidogo katika chetezo, nikakishika mbele ya mdomo wa jiko, nikatazama. Moshi wa ubani ukiingia jikoni na kupotea, dohani iko wazi na inavuta. Ukining'inia bila kwenda popote, bomba limepoa au limeziba. Ukisukumwa kukujia usoni, kuna hewa inayoshuka ndani ya bomba, na hapo mtuhumiwa ni upepo au ni nyumba yenyewe. Jaribio hili lirudiwe mlango ukiwa wazi, kisha umefungwa; na dirisha la kila upande peke yake. Lirudiwe tena asubuhi hakuna upepo, na alasiri upepo umekaza. Siku moja ya kufanya hivyo ilitufundisha zaidi ya ziara mbili za fundi.

Asubuhi moshi wa ubani ulining'inia. Alasiri, kusi ilipokaza, ulinijia usoni. Tukajua kwamba maradhi ni mawili, wala si moja.

La asubuhi tulilitazama kwanza, kwa kuwa lilikuwa rahisi. Mume wangu alipanda ngazi akaivua kofia ya dohani. Chini ya kofia fundi alikuwa ameweka wavu wa tundu ndogo ili cheche zisiruke, jambo jema lenye nia njema, lakini wavu ule ulikuwa umegeuka ubao mweusi. Masizi na utomvu mzito kama lami vilikuwa vimeziba karibu matundu yote. Wavu ndio mahali pa kwanza kuziba, kwa sababu pale moshi umeshapoa na kila ulichobeba hunata. Tuliusugua kwa brashi ya waya, na baadaye tukaubadilisha kwa wenye tundu za nusu inchi, ambao huzuia cheche kubwa na hauzibi upesi. Kofia yenyewe ilikuwa imekalia chini mno. Baina ya kofia na mdomo wa bomba pabaki nafasi isiyopungua nusu ya upana wa bomba, ama sivyo kofia inakuwa kifuniko.

Tukashuka na bomba lenyewe. Brashi ya waya ikafungwa kwenye ufito mrefu, ikapitishwa juu hadi chini, jiko likiwa baridi na mdomo wake umefunikwa gunia. Tulitoa masizi ya kujaza karai. Hesabu ya masizi inafaa kujulikana: bomba la inchi nne likivikwa masizi ya nusu inchi pande zote, hubaki na upenyo wa inchi tatu. Mtu husema imepungua robo. Lakini moshi hupita katika eneo la duara lote, wala si katika mstari mmoja, na eneo hilo limepungua karibu nusu. Isitoshe, masizi hushika moto. Anayesikia dohani yake ikinguruma kama upepo mkali huku bomba likiwa jekundu, azibe mdomo wa jiko lisipate hewa, atoe watu nje, aite msaada. Asimwage maji ndani ya bomba, kwani mvuke wake huunguza na matofali ya moto hupasuka.

Masizi mengi kiasi hicho katika miezi minne yalitoka wapi? Yalitoka kwenye kuni, na hapa lawama ilikuwa yetu. Mavyaa hununua kuni za mkorosho na mwembe kwa mkokoteni. Wakati wa kaskazi zilikaa juani zikakauka zenyewe. Masika yalipoingia, tulikuwa tukinunua kuni zilizokatwa juzi na kuziegemeza ukutani, mvua ikizinyeshea. Ukuni mbichi waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na maji hayo lazima yageuzwe mvuke kwanza ndipo ukuni uungue. Mpishi ajuaye anachemsha maji haraka lakini hawezi kuyakausha haraka atanielewa: kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke hutaka moto zaidi ya mara saba ya ule uliotumika kuyatoa katika nyuzi 30 hadi kuchemka. Moto huo wote huibwa kutoka katika dohani. Moshi hupanda ukiwa baridi na mzito, mvuto hupungua, na huo utomvu mweusi hujibandika njiani.

Ukuni mkavu hujulikana. Ncha zake huwa na nyufa, gome hubanduka, na viwili vikigonganishwa hulia kwa sauti kavu. Vibichi hutoa mshindo mzito usio na mwangwi. Kuni zikatwe na kupasuliwa miezi kadhaa kabla ya kutumika, zipangwe juu ya mawe au magogo zisiguse ardhi, chini ya upenu, pande zikiwa wazi upepo upite. Tulitengeneza chanja ya fito nyuma ya jikoni, na sasa kuni za masika hununuliwa Desemba. Bei nayo ni ya chini wakati ule. Makumbi ya nazi yakiwa makavu kabisa yanafaa kuwashia, lakini yenye unyevu hutoa moshi wa kufukuza nyuki. Mbao za mashua kuukuu na mbao zilizopakwa rangi msizichome kabisa: rangi na dawa zake ni sumu motoni, na chumvi ya bahari iliyozama ndani ya mbao hula bati la dohani.

Kile kizibo cha hewa baridi ya alfajiri kilipata dawa nyepesi. Kabla ya kuwasha moto wa kazi, mavyaa hutia vifuu viwili vitatu vikavu ndani kabisa ya jiko, karibu na tundu la kuingilia bombani, na kuviwasha kwa kipande cha karatasi. Vifuu huungua kwa moto mkali na moshi kidogo. Baada ya dakika tatu nne bomba limepata joto, ukilisogelea kwa kiganja bila kuligusa utasikia, na ndipo kuni hutiwa, chache kwanza. Anayejaza kuni mdomo mzima wa jiko anazima mwenyewe, kwani hewa haina pa kuingilia. Theluthi ya chini ya mdomo na iachwe wazi.

Kufikia hapo asubuhi zilikuwa zimetengenea. Alasiri bado, na hili ndilo lililotuchukua muda.

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kutoka kusini-mashariki tangu Aprili hadi karibu na Oktoba. Nyumba kubwa ya mavyaa imeelekea bahari, na jikoni pako nyuma, uani. Jiko lilipojengwa Januari upepo ulikuwa ukipita ubavuni, juu ya ua ulio wazi, ukiupitia mdomo wa dohani bila kizuizi. Upepo wa namna hiyo husaidia kuvuta. Kusi ilipoingia, ilipanda juu ya paa la nyumba kubwa, ikaporomoka upande wa pili kama maji yanavyoporomoka nyuma ya jiwe la mtoni, na mdomo wa dohani yetu ulikuwa pale pale inapoangukia. Dohani ilikuwa imepita paa la jikoni kwa futi moja tu. Kipaji cha paa la nyumba kubwa kilikuwa juu yake kwa futi tatu, na umbali baina yao haukuzidi futi nane. Milimita yetu moja ya maji ingeshindanaje na kusi ya saa kumi?

Mafundi wa Marekani wana kanuni ambayo naona inatufaa: mdomo wa dohani upite paa unapotokea kwa futi zisizopungua tatu, na uwe juu kwa futi mbili kuliko kitu chochote kilicho ndani ya futi kumi kutoka kwake. Kwa hesabu hiyo tulihitaji futi tano zaidi. Fundi wa mabati, mzee mmoja mtaratibu ambaye hakuongea mpaka alipokwisha kulizunguka banda mara mbili, alituunganishia kipande cha futi tano, akakifunga kwa waya tatu zilizokazwa kwenye paa kisije kikang'olewa na upepo. Viungo alivigeuza: kipande cha juu kikaingia ndani ya cha chini, wala si kukivika, ili utomvu ukishuka ushukie ndani. Palipokuwa na mianya akapakaza udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu. Kila mwanya katika bomba hunyonya hewa baridi, na hewa hiyo huupoza moshi.

Kabla ya kuliinua bomba, mavyaa alivaa buibui lake akaenda kwa jirani wa nyuma. Kusi ingeuchukua moshi wetu kuelekea kwake, na kamba yake ya nguo iko upande huo. Walikubaliana kwamba kazi kubwa ya moto iishe kabla ya saa moja asubuhi, na nguo zianikwe baadaye. Sahani ya mahamri huvuka ukuta kila Ijumaa. Anayeinua dohani yake atazame kwanza madirisha ya ghorofa za wenzake, kwa maana moshi unaotoka kwako huenda mahali.

Kulikuwa na la tatu, ambalo nilikaribia kulikosa. Siku ya kwanza baada ya bomba kuinuliwa, jiko lilivuta vizuri kwa saa nzima, kisha ghafla likaanza kufuka. Nikakasirika, nikadhani tumepoteza fedha. Mjukuu alikuwa amefunga mlango ili kuku wasiingie. Nikaufungua, moshi ukafyonzwa. Moto hula hewa, na dohani haiwezi kutoa hewa ambayo haikuingia. Banda letu la zamani lilikuwa na pande mbili wazi. Jipya tulilifunga kana kwamba ni chumba cha kulala. Tukatoboa tundu la ukubwa wa tofali mbili chini ya ukuta wa upande wa kusi, karibu na jiko, tukalitia wavu wa kuzuia panya. Upande una maana yake. Uwazi ulio upande unaotoka upepo huisukuma hewa ndani na kuisaidia dohani. Dirisha lililo upande wa pili, upepo ukiwa mkali, huinyonya hewa kutoka jikoni, na jikoni pakiishiwa hewa huivuta kwa kupitia dohani yenyewe, pamoja na moshi wake. Kwa hiyo mtu aweza kufungua dirisha ili moshi utoke na akawa anauita uingie.

Mambo yaliyosalia nitayapitia upesi. Sufuria ikae vizuri juu ya tundu lake. Ikiwa ndogo, pete ya bati au ya udongo iwekwe. Tundu lisilotumika lifunikwe. Kona za bomba ziwe chache, na kipande kinacholala kiwe kifupi na kiinuke kidogo, kwani masizi hukaa palipolala. Majivu yatolewe kila siku. Ndege na nyigu hupenda bomba lililopumzika, basi anayerudi safari atazame juu kabla ya kuwasha. Hewa ya bahari hula bati, na tundu dogo la kutu nyuma ya bomba halionekani mpaka usiku, unapolipitisha kurunzi kwa ndani.

Wenye paa la makuti nawasihi wasipitishe bomba la bati katikati ya makuti. Bomba la ukuta mmoja hutakiwa liwe mbali na kitu kinachoshika moto kwa inchi 18, na kuiacha nafasi hiyo ndani ya makuti ni vigumu, mvua itaingia. Litolewe kwa ukutani na kupandishwa nje, mbali na upenu. Kona itapunguza mvuto, na urefu utaufidia.

Gharama yetu yote ilikuwa bomba la futi tano, wavu, waya, na ujira wa siku moja wa fundi. Fundi yule wa mwanzo alikuwa ametaka fedha za jiko zima.

Mavyaa bado anakohoa asubuhi nyingine, kwani kifua cha miaka thelathini hakisafishwi kwa mwaka mmoja, na daktari anamwona kila miezi mitatu. Siku za matlai, upepo unapokosa mwelekeo, moshi kidogo hutoka mdomoni mwa jiko kwa dakika kumi za mwanzo, na hilo hatujalipatia dawa zaidi ya vifuu. Bomba husafishwa mara tatu kwa mwaka, mojawapo mwishoni mwa Shaabani kabla ya kazi ya futari kuanza. Dada aliyeuliza anijulishe kama jiko lake liko upande gani wa nyumba kubwa, na mara ya mwisho kofia ya dohani ilivuliwa lini.

Wassalaam.